Kutoka Kapsuli Hadi Kisu, Kamera Mmeipeleka Wapi?

Mombasa hii kila tumbo ni alsa. Umeamka kifua chachoma: alsa. Umekula viazi karai saa tano usiku, ukajitupa kitandani, alfajiri maji machungu yako kooni: alsa. Msichana ana mitihani, hajatia kitu mdomoni toka jana, tumbo languruma: alsa hizo, mletee Eno. Mzee chakula chamkwama kifuani kila akimeza, amekonda mpaka kikoi chamvuka, na nyumba nzima bado yasema babu ana alsa, mpeni maziwa baridi.

Halafu simu zetu zikaanza kuleta kitu kipya. Nyote mmekiona, msijifanye. Daktari mwenye tabasamu, muziki wa taratibu, maandishi makubwa: operesheni ya tundu ya asidi, waingia asubuhi, jioni uko kwako. Chini yake komenti zimejaa. "Bei?" "Bei?" "Mpo Mombasa?" "Bei inboksi tafadhali." Nimezisoma mpaka macho yakaniuma. Sikuona mtu hata mmoja aliyeuliza: mtajuaje kama langu mimi ni la kukatwa?

Siipingi operesheni. Nasema mapema ili mtu asije hapa kunipigia kelele ati nazuia watu kutibiwa. Operesheni yenyewe ni ya kweli, ina historia, na kuna watu imewarudishia usingizi wao. Ninachokipinga ni huu mruko. Twatoka kwenye kapsuli ya dukani, twaruka moja kwa moja hadi kisu, na pale katikati pana kamera na vipimo ambavyo hakuna anayevitaja. Muuza kapsuli havitaji kwa sababu vitamharibia biashara. Muuza operesheni havitaji kwa sababu kamera haina ofa ya mwisho wa mwezi.

Tuelewane kwanza kwenye tumbo lenyewe, manake nusu ya ugomvi huu watokana na neno moja kubeba magonjwa mawili.

Kuna bomba linaloteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni, laitwa umio. Mwisho wake, pale linapopita kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi ya bawabu. Chakula kikija wafungua, kikishapita wafunga. Tumbo limeumbwa kustahimili asidi. Umio haukuumbwa hivyo. Bawabu akilegea, ama akawa wa kufungua ovyo ovyo, asidi yapanda na umio waungua. Hicho ndicho kiungulia, na kikikujia wiki baada ya wiki, ndio ugonjwa wenyewe wa kucheua asidi. Wakati mwingine kipande cha tumbo chapenya kile kitundu cha kiwambo kikakaa kifuani. Hiyo nayo ni ngiri, lakini si ile ngiri mnayoichekea barazani.

Kidonda cha tumbo ni kitu kingine kabisa. Ni jeraha kwenye ukuta wa tumbo, ama wa utumbo pale unapoanzia. Vingi vyaletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ama na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, zile tunazozimeza kama njugu kila mgongo ukiuma. Kuna daktari wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 alikunywa bakteria hao kwa makusudi ili awaonyeshe wenzake kwamba wao ndio wanaolichokoza tumbo, na tumbo lake likawaka kweli. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Yaani mtu alikunywa vijidudu ili dunia iache kubahatisha, na sisi miaka arobaini baadaye twabahatisha bado.

Kwa nini hii yahusu? Kwa sababu bakteria huyo auawa kwa antibiotiki. Kuna kipimo cha choo na kipimo cha pumzi vya kumtafuta. Ukimfanyia mtu mwenye kidonda cha bakteria operesheni ya kukaza mlango wa tumbo, umemkazia mlango, na kidonda chake kiko palepale chamsubiri nyumbani. Kinachotuchanganya ni kwamba omeprazoli yavituliza vyote viwili. Ukiimeza wapata nafuu, basi wadhani umejua ugonjwa wako.

Sasa twende dukani. Mara nyingi ukifika kaunta lasema neno moja tu, hilo hilo alsa, na mambo yamekwisha. Huulizwi umeanza lini. Huulizwi wameza dawa gani nyingine, wala kama umewahi kutapika damu, wala kama choo chako kimekuwa cheusi kama lami. Wapewa kapsuli kwenye kibahasha cha kaki, kimeandikwa 1x2, kwaheri. Hakuna anayekwambia kwamba kapsuli ile yafanya kazi kwa kuzima pampu za asidi zilizo tumboni, na pampu hizo huwaka ukianza kula. Kwa hivyo yafaa imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, tumbo likiwa tupu. Watu wameza baada ya biriani. Ama wameza wakienda kulala. Ama wameza siku ile tu kifua kikiwaka, halafu wasema dawa imenikataa.

Na huyo aliyekataliwa na dawa ndiye hasa lile tangazo lamtafuta. "Umechoka na vidonge?" Si ndivyo linavyoanza? Amechoka kweli, maskini, lakini hakuwahi kuvimeza sawasawa hata wiki moja.

Hapa nataka mtulie kidogo, kwa sababu nina nambari, na si nambari za kubuni. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani, kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu. Walichukuliwa wagonjwa 366, wote wametumwa kwa mabingwa kwa sababu kiungulia chao hakisikii dawa. Hao ndio watu ambao tangazo letu lingewaambia njooni kesho asubuhi bila kula.

Kabla mtu hajaguswa na kisu, wakaambiwa: mezeni omeprazoli mara mbili kwa siku, kwa utaratibu, wiki mbili. Watu 42 nafuu ikaja hapo hapo. Dawa haikuwa imewakataa, walikuwa hawaitumii ipasavyo. Kisha vikaja vipimo. Kamera ya kupitia mdomoni. Kipimo cha nguvu ya mikazo ya umio. Kipimo cha saa 24 cha kuhesabu kinachopanda na lini kinapanda. Watu 23 wakapatikana na magonjwa mengine ya umio, si huu wetu. Na watu 99, tisini na tisa, wakaonekana kwamba kule kuungua kwao hakuletwi na asidi hata kidogo. Umio wao ni mzima, hakuna cha ajabu kinachopanda, ila neva zake zimekuwa nyepesi kulia. Maumivu yao ni ya kweli kabisa, lakini ukiwafunga tumbo hujawasaidia kitu. Wengine wakatoka njiani kwa sababu nyinginezo, wapo ambao hawakumaliza vipimo. Waliobaki kufaa walikuwa 78.

Sabini na nane kati ya 366. Hebu rudi kwenye zile komenti za "bei?" uzihesabu tena.

Na sikiliza upande wa pili, kwa sababu ndio unaonifanya niheshimu operesheni hii. Katika wale 78 waliochujwa vizuri, waliofanyiwa operesheni asilimia 67 walipata nafuu kubwa baada ya mwaka. Walioongezewa dawa za aina nyingine, asilimia 28. Kundi la tatu, lililobaki na omeprazoli pamoja na vidonge visivyo na dawa ndani, asilimia 12. Kisu kiliwashinda wote kwa mbali. Lakini kilishinda kwa sababu ya ule mchujo, na mchujo ndio hatuuziwi.

Operesheni ilivyo: walazwa usingizi kamili, si ganzi ya jino. Tumbo latobolewa matundu madogo, mara nyingi matano, kila moja kama upana wa kidole ama pungufu. Gesi ya kaboni dioksaidi yapulizwa ndani tumbo liinuke kama hema, daktari apate kuona. Kamera nyembamba yaingia tundu moja, vyombo vyaingia mengine. (Kamera hii si ile ninayoililia. Ile yapita mdomoni bila mtu kukatwa popote, na ndiyo hutangulia.) Kama kuna ngiri, tumbo lavutwa chini lirudi mahali pake na kile kitundu cha kiwambo chashonwa kipungue. Kisha sehemu ya juu ya tumbo yazungushwa nyuma ya umio ikashonwa mbele, kama unavyozungusha kilemba. Ukizungusha duara zima, ni njia ya Nissen. Ukiacha nafasi kidogo mbele, ni ya Toupet.

Huyo Nissen ana kisa chake. Rudolf Nissen, Myahudi wa Ujerumani, aliwakimbia Wanazi mwaka 1933 akaenda kufanya kazi Istanbul. Huko alimpasua mgonjwa mwenye kidonda mwisho wa umio, akauzungushia tumbo ule mshono ili usivuje, basi. Miaka baadaye akaja kujua kwamba mtu yule kiungulia kilimwisha. Alipohamia Basel, Uswisi, akaifanya kwa makusudi, na mwaka 1956 akaichapisha. Ndiye huyo huyo aliyempasua Albert Einstein mwaka 1948, ingawa ule ulikuwa mshipa wa damu, si asidi. Kuifanya kwa matundu kulianza Ubelgiji, Bernard Dallemagne na wenzake, mwaka 1991. Kwa hivyo hii "teknolojia mpya" ya kwenye rili ni kubwa kuliko mimi na wewe.

Yale yasiyo kwenye video ni haya. Wiki za kwanza chakula chakwama. Wanywa supu, wanywa uji, wala vitu laini kidogo kidogo, na nyama na mkate na chapati vyakaa pembeni vyakutazama. Bega lauma kwa sababu ya ile gesi, na watu hushangaa: nimetobolewa tumbo, bega laingilia wapi? Kupiga mbweu kwaweza kuwa kazi, kutapika vilevile, kwa hivyo hewa yatafuta njia ya chini, na hapo sina la kuongeza. Kwa wengi haya hupungua, kwa wengine yabaki. Uswidi waliwafuatilia watu 2,655 waliofanyiwa operesheni hii ya matundu, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Asilimia 17.7 asidi iliwarudia, na wengi wa hao wakarudi kwenye vidonge. Karibu mtu mmoja kati ya sita. Watano hawakurudiwa, na hao pia nawahesabu. Lakini yule wa sita mbona hana video?

Tuje kwenye hii "jioni uko kwako", manake ndiyo inayowapagawisha watu.

Kurudi nyumbani siku hiyo hiyo si uongo. Nchi nyingine wafanya, na mgonjwa akichaguliwa vizuri ni salama. Mimi hata naipenda: kitanda cha hospitali ni pesa, na mama zetu wamelala kwenye viti vya wadi vya kutosha. Ila wenzetu wana masharti. Uwe huna ugonjwa mwingine mzito. Uwe umeshaweza kunywa na kichefuchefu kimetulia, kwa sababu kutapika kwa nguvu siku zile za kwanza kwaweza kukata mshono. Uwe na mtu mzima wa kukaa nawe saa 24. Uwe na nambari ya simu inayopokewa usiku. Na uishi karibu na hospitali, kiasi cha saa moja hivi.

Sasa chukua masharti hayo uteremke nayo Mombasa. Mtu wa Likoni akaanza kutapika saa nane usiku, feri haijui kama ana mishono. Mtu wa Kisauni ana daraja la Nyali na foleni zake. Na kama operesheni yenyewe iko Nairobi, hapo "kwako" ni wapi? Ni karibu kilomita 480. Utapanda SGR jioni hiyo hiyo na matundu matano tumboni? Maana yake utalala kwa shangazi Eastleigh ama utalipa chumba, na chumba hicho hakipo kwenye bei uliyotumiwa inboksi.

Mji wa Kale ni kisa chake peke yake. Kuna vichochoro vya Kibokoni ambavyo tuktuk yenyewe yajipima mara mbili kabla ya kuingia, ambulensi usiseme. Nyumba zetu ngazi zake zimesimama wima, za mbao, giza, na chumba chako kiko juu kabisa kwa sababu chini amekaa bibi. Lakini kwa lile sharti la mtu wa kukaa nawe saa 24, wallahi hatuna mpinzani. London mgonjwa huulizwa una nani nyumbani, ajibu paka. Hapa una mama, dada watatu, jirani na mke wa jirani, wote macho kodo. Taabu yetu ni nyingine: wale wanaokuja kukujulia hali. Hawaji mikono mitupu. Waja na pilau, waja na mahamri na mbaazi, waja na sambusa za moto, na mtu ukikataa wanuna. "Kula kidogo tu, upate nguvu." Mkate tu wakwama, dada, sembuse sambusa. Daktari anayemruhusu mtu wa Mji wa Kale aende nyumbani siku hiyo bila kukaa na mama yake dakika kumi kumweleza, huyo hajui amemruhusu aende wapi.

Halafu kuna ile mbinu ya kutisha. Matangazo mengine yasema asidi yaleta kansa, wahi mapema. Nusu ukweli. Kiungulia cha miaka mingi kina uhusiano na aina moja ya kansa ya umio, ambayo ndiyo imeenea Ulaya na Marekani. Kenya yetu pia ina kansa ya umio nyingi, waulize Hospitali ya Tenwek kule Bomet, wanajulikana kwa kuwawekea wagonjwa mirija ili waweze kumeza. Lakini kansa ya umio ya huku kwetu kwa sehemu kubwa ni aina ile nyingine, na asidi siyo mzizi wake. Yahusishwa na tumbaku, pombe, na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, IARC, liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta kansa. Wazee wangu wa kahawa chungu, sisemi muache, nasema iacheni ipoe kidogo mkimaliza siasa.

Kwa hivyo woga wameuleta kutoka nje kama ulivyo, hata hawakuupima kama watutosha. Na ukitaka kuogopa kitu, ogopa hivi: chakula kukwama ukimeza, kukonda bila sababu, kutapika damu, choo cheusi, upungufu wa damu usioeleweka. Ukiwa na kimojawapo, usimeze kapsuli nyingine wala usijaze fomu ya operesheni. Tafuta kamera. Yule babu wa kikoi kinachomvuka hahitaji maziwa baridi, ahitaji kamera wiki hii.

Na wewe wa miaka 19 mwenye kiungulia cha kawaida, huna dalili hata moja katika hizo? Huenda huhitaji hata kamera kwa sasa. Wahitaji ukweli ambao hakuna wa kuulipia tangazo. Twala usiku mno. Mji huu chakula kitamu chaanza baada ya Isha: mishkaki, mihogo ya Lighthouse na pilipili na ndimu, soda baridi juu yake, halafu saa sita mtu ashalala. Kula saa tatu kabla ya kulala. Inua upande wa kichwa wa kitanda, weka matofali chini ya miguu ya kitanda, mito miwili mitatu haisaidii kitu kwa sababu yakukunja tumbo. Sigara acha. Kama mwili umeongezeka, ukipungua na kiungulia hupungua. Kisha kapsuli kwa wiki kadhaa, kabla ya kula, kwa ushauri wa daktari, na kama imeshindwa baada ya hapo, ndio twapanda ngazi ya pili.

Mwezi wa tano 2024 gavana wetu Abdulswamad Nassir alipopiga muguka marufuku, mji mzima uligeuka mahakama. Tulibishana biashara, tulibishana ushuru, tulibishana Embu na Pwani. Sikusikia mtu akitaja tumbo. Mwaka 1995 kulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba kutafuna miraa kwachelewesha chakula kutoka tumboni. Chakula kimekaa, asidi imekaa, na wewe umejinyoosha kwenye kibaraza na soda mkononi. Mimi sikuhukumu, lakini usiende kununua operesheni kabla hujajaribu mwezi mmoja bila kutafuna.

Wenzangu wa kontenti, zamu yenu. Nyinyi mnaouza unga wa "kusafisha asidi" kwa bei ya viatu. Nyinyi wa kuambia watu wanywe siki ya tufaha asubuhi. Siki! Mtu analia na asidi, wewe wamwongezea asidi, halafu wamwambia akiungua ndio sumu zatoka. Na nyinyi mliochukua pesa za kliniki kutangaza operesheni, mkacheza mbele ya chumba cha upasuaji na kofia za bluu, mwaweza kuniambia ni kipimo gani mlichokitaja kwenye video hiyo? Nimeitazama mara tatu. Mlitaja maegesho ya bure.

Najua jibu lishapikwa: wewe ni nani, chuo chenyewe hukumaliza. Kweli, sikumaliza, na haikuwa udaktari. Nambari nilizoziandika hapo juu ziko wazi kwa mtu yeyote mwenye simu. Aliyemaliza chuo na akazificha ndiye wa kuulizwa.

Jibu la pili lina uzito zaidi: kamera ni ghali. Kwa mtu asiye na kazi ni ghali, sibishani. Lakini mwaona vile watu huchangisha operesheni? Kundi la WhatsApp, nambari ya M-Pesa, picha ya mgonjwa, kila shangazi anatuma. Hakuna aliyewahi kuunda kundi la kuchangia kamera. Tukichangia kipimo kwanza, huenda kile kisu kisihitajike kabisa, ama kikahitajika na tukajua kwa nini. Na toka tarehe 1 Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, aliyeajiriwa akatwa asilimia 2.75 ya mshahara, asiyeajiriwa hapungui shilingi 300 kwa mwezi. Hizo ni pesa zetu. Kabla hujajaza fomu ya kulipa mkononi, nenda kaulize dirishani kamera yalipwa kiasi gani na wewe wabakiwa na kiasi gani. Ukiambiwa rudi kesho, rudi kesho. Nataka siku moja foleni ya kamera iwe jambo la kupigiwa kelele kwenye baraza za kaunti kama muguka, kwa sababu Coast General yapokea watu kutoka Lamu mpaka Taita Taveta, na wote hao kule kwao waliambiwa ni alsa.

Nimewaandikia ujumbe. Unakili, uubandike kwenye inboksi ya kliniki yoyote iliyokutumia tangazo, hata ile yenye muziki mzuri:

"Assalam aleikum. Nina kiungulia cha muda mrefu, nimeona tangazo lenu. Kabla ya operesheni mwafanya vipimo gani? Kamera ya mdomoni imo? Kipimo cha asidi cha saa 24 kimo? Kipimo cha mikazo ya umio kimo? Daktari atakayenipasua ameshafanya operesheni hii mara ngapi? Mwazungusha tumbo duara zima ama nusu, na kwa nini? Nikirudi nyumbani jioni nikaanza kutapika usiku, nampigia nani, na atapokea? Asante."

Bei usiulize kabisa. Wataitaja wenyewe. Wakijibu, nitumieni picha ya jibu, ntazibandika hapa zote Ijumaa, majina nikiyafuta. Mimi nishatuma tatu tangu Jumatatu. Moja imenijibu kwa moyo mwekundu na ofa ya asilimia kumi.